Maisha ya Clara Barton: Kujitolea Kwenye Maafa Kunahitaji Moyo na Maandalizi

Na Mwandishi Wetu

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang' yalipouvamia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, wauguzi, madaktari na wahudumu wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwahudumia majeruhi na familia zilizopoteza makazi. Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lilipoutikisa Mkoa wa Kagera, hali ilikuwa hiyohiyo. Kila linapotokea janga la namna hii, wapo watu wanaoziacha nyumba zao na kuelekea kule ambako wengine wanakukimbia.

Hata hivyo, kwenda ni jambo moja, na kufika ukiwa na uwezo wa kusaidia ni jambo jingine. Muuguzi anayefika eneo la maafa bila maji, bila chakula chake mwenyewe, bila vifaa na bila kujua anaripoti kwa nani, huongeza idadi ya watu wanaohitaji kuhudumiwa. Mmoja wa watu waliolijifunza somo hilo mapema, tena kwa taabu kubwa, ni Clara Barton, mwanamke wa Kimarekani aliyeanzisha Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi yake na kukiongoza kwa miaka 23. Makala haya yanaeleza maisha yake na yale ambayo muuguzi wa leo anaweza kuyachukua kutoka humo.

Mtoto aliyemuuguza kaka yake

Clarissa Harlowe Barton, ambaye dunia ilimjua kwa jina fupi la Clara, alizaliwa Desemba 25, 1821 huko North Oxford, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake, Stephen Barton, alikuwa mkulima aliyewahi kuwa askari, na jioni alizoea kumsimulia binti yake habari za vita, za vikosi na za namna jeshi linavyolishwa na kusafirishwa. Mtoto huyo alikuwa na haya kupita kiasi, hata wazazi wake wakawa na wasiwasi juu ya maisha yake ya baadaye.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, kaka yake David alianguka kutoka juu ya ghala lililokuwa likijengwa na kuumia vibaya. Clara alijitwika kazi ya kumuuguza. Kwa karibu miaka miwili alikaa kando ya kitanda chake, akampa dawa, akamlisha, na hata kumbandika ruba wa kunyonya damu, kama tiba ya wakati ule ilivyoelekeza. David alipona. Hiyo ndiyo shule pekee ya uuguzi ambayo Clara Barton aliwahi kuipitia, kwani vyuo vya kufundishia wauguzi nchini Marekani vilianza kufunguliwa katika miaka ya 1870, wakati yeye alikwisha kupita umri wa miaka 50.

Mwalimu na karani wa Serikali

Kabla hajatimiza miaka 18 alianza kazi ya ualimu. Mwaka 1852, katika mji wa Bordentown, jimbo la New Jersey, alifungua shule isiyotoza ada kwa ajili ya watoto waliokuwa wakizurura mitaani kwa kukosa karo. Alianza na wanafunzi sita, na muda si mrefu wakawa mamia, hata ikalazimu kujengwa jengo kubwa zaidi. Jengo lilipokamilika, wasimamizi wa shule waliona kwamba cheo cha mkuu wa shule hakimfai mwanamke. Wakamwajiri mwanamume na kumlipa mshahara mkubwa kuliko wa mwanzilishi. Barton aliugua, sauti ikampotea, akaondoka.

Alihamia Washington, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya Serikali inayosajili uvumbuzi. Mwanzoni alilipwa dola 1,400 kwa mwaka, sawa na makarani wanaume, jambo lililokuwa nadra sana kwa mwanamke wa zama hizo. Baadaye alishushwa cheo na kuwa mnakili anayelipwa senti 10 kwa kila maneno 100, na kisha akaachishwa kazi kabisa kabla ya kurejeshwa. Miaka hiyo ya ofisini haikupotea bure. Ilimfundisha kutunza majalada, kuandika barua zenye hoja na kufuata mtiririko wa mamlaka, na ujuzi huo ulikuja kumsaidia sana katikati ya vita na maafa.

Vita na somo la vikombe vitano

Aprili 19, 1861, siku chache baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kuanza, kikosi cha askari kutoka Massachusetts kilishambuliwa na umati wa watu katika mji wa Baltimore kikiwa njiani kwenda Washington. Askari walipowasili, baadhi wakiwa wamejeruhiwa na wengi wakiwa wamepoteza mizigo yao, walilazwa katika ukumbi wa Seneti kwa kukosa mahali pengine. Barton alikwenda kuwaona na kuwakuta miongoni mwao vijana aliowahi kuwafundisha. Akawapelekea chakula, nguo, sabuni, sindano na nyuzi, na kuwasomea magazeti ya nyumbani.

Kisha aliwaandikia wanawake wa Massachusetts na majimbo ya jirani kuomba michango. Mizigo iliyokuja ilijaza chumba chake cha kupanga hadi ikabidi atafute ghala. Kwa zaidi ya mwaka mmoja aliwahudumia askari mjini Washington, lakini aliona wazi kwamba wengi walikuwa wakifa njiani kabla ya kufikishwa hospitali. Huduma ilitakiwa kuwafuata majeruhi walipo. Wakati huo mila haikumruhusu mwanamke asiyeolewa kwenda kwenye uwanja wa mapigano, na jeshi halikutaka wageni. Barton alipita ofisi moja baada ya nyingine hadi Agosti 1862 alipopewa kibali cha kupeleka vifaa mstari wa mbele.

Safari yake ya kwanza ilikuwa baada ya mapigano ya Cedar Mountain, jimboni Virginia, ambako alifika na gari lililokokotwa na nyumbu likiwa limesheheni bendeji, dawa na chakula. Mwishoni mwa mwezi huohuo yalitokea mapigano ya pili ya Bull Run, na maelfu ya majeruhi wakapelekwa kwenye kituo cha reli cha Fairfax na kulazwa juu ya nyasi kavu mlimani. Barton na wenzake wachache walifika hapo wakiwa na chakula kingi lakini vyombo haba: ndoo mbili za maji, vikombe vitano vya bati, sufuria chache na taa mbili. Kila kopo la matunda au jamu lililomalizwa lilisuuzwa likawa kikombe au bakuli. Usiku mishumaa ilipokuwa ikipitishwa katikati ya watu waliolala juu ya majani makavu, hofu kuu ilikuwa kwamba mmoja ungeanguka na kuteketeza wote.

Kutokana na siku zile Barton aliondoka na mafunzo ambayo hakuyasahau maisha yake yote. Kwamba chakula bila chombo cha kulia hakimfikii mgonjwa. Kwamba mwanga ni kifaa cha tiba sawa na bendeji. Kwamba anayesubiri janga litokee ndipo aanze kukusanya vifaa, amekwisha kuchelewa.

Antietam

Wiki chache baadaye, Septemba 17, 1862, majeshi mawili yalikutana kando ya kijito cha Antietam, jimbo la Maryland. Siku hiyo inakumbukwa kuwa siku moja iliyomwaga damu nyingi kuliko zote katika historia ya Marekani, kwani waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walifikia takriban 23,000.

Barton alikuwa amejiandaa. Alijua kwamba katika msafara wa jeshi magari ya risasi na mizinga hutangulia, na yale ya dawa na chakula huja mwisho, hivyo vifaa vya tiba huwafikia madaktari siku mbili au tatu baada ya majeruhi wa kwanza. Basi usiku, msafara ulipokuwa umepumzika, aliwaamsha waendeshaji wake wakaipita foleni ndefu ya magari hadi wakawa nyuma ya kikosi cha mizinga. Alipofika kwenye nyumba ya shamba iliyogeuzwa kuwa chumba cha upasuaji, aliwakuta madaktari wakifunga vidonda kwa maganda ya mahindi kwa kuwa bendeji zilikuwa zimekwisha. Akawapa bendeji. Giza lilipoingia na madaktari wakabaki na kipande kimoja cha mshumaa, akatoa taa alizozibeba, na upasuaji ukaendelea usiku kucha.

Siku hiyo, alipokuwa amemwinua majeruhi mmoja ili ampe maji, risasi ilipita katika mkono wa gauni lake na kumuua mtu huyo. Mwingine aliyekuwa na risasi shavuni alimsihi aitoe kwa kuwa madaktari walikuwa wamezidiwa. Aliitoa kwa kisu chake cha mfukoni.

Vifaa vilipokwisha na nguvu zikamwishia, alipata homa kali na kurudishwa Washington akiwa amelala chini ya gari. Huu ni upande wa kazi ya kujitolea ambao husahaulika mara nyingi. Maishani mwake Barton aliugua kwa uchovu wa mwili na wa akili kila baada ya kipindi kirefu cha kuwahudumia wengine. Alihudumu Fredericksburg, akahudumu katika visiwa vya pwani ya South Carolina mwaka 1863, na mwaka 1864 akasimamia uuguzi na chakula katika hospitali za jeshi lililoongozwa na Jenerali Benjamin Butler. Vita vilipokwisha, mwili wake ulikuwa umechoka kabisa.

Kuwatafuta waliopotea

Hata hivyo hakupumzika. Mwaka 1865, kwa idhini ya Rais Abraham Lincoln, alifungua ofisi ya kutafuta habari za askari waliopotea. Wazazi, wake na watoto walimwandikia wakiuliza kama ndugu yao yu hai au amekufa, na kama amekufa, amezikwa wapi. Barton alichapisha orodha za majina katika magazeti na ofisi za posta akiwaomba walionusurika wamweleze walichokijua. Hadi ofisi hiyo ilipofungwa mwaka 1868, alikuwa amejibu barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za askari zaidi ya 22,000.

Katika majira ya joto ya mwaka 1865 alisafiri hadi Andersonville, jimbo la Georgia, ambako karibu wafungwa 13,000 wa kivita walikuwa wamefariki. Kijana aliyewahi kufungwa humo, Dorence Atwater, alikuwa ameficha nakala ya daftari la vifo. Kwa kutumia daftari hilo, makaburi karibu yote yaliwekwa majina. Wataalamu wa maafa wa leo wanaitambua kazi hiyo kuwa sehemu kamili ya huduma: kuunganisha familia na kutambua miili. Mtu asiyejua mwanawe amelala wapi bado yumo ndani ya janga, hata kama maji yamekwisha kupungua na moto umezimika.

Kutoka Geneva hadi Washington

Mwaka 1869, akiwa amepoteza tena sauti, Barton alikwenda Ulaya kwa ushauri wa daktari. Mjini Geneva, Dkt. Louis Appia, mmoja wa waasisi watano wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, alimtembelea na kumuuliza kwa nini Marekani haijasaini Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 unaowalinda majeruhi wa vita na wanaowahudumia. Barton hakuwa amewahi kuusikia mkataba huo.

Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Barton aliacha mapumziko yake na kwenda kusaidia. Alishangazwa na kile alichokiona: maghala yaliyojaa vifaa kabla ya vita kuanza, wauguzi waliokwisha kufundishwa, na alama moja iliyotambuliwa na pande zote mbili. Alilinganisha na vikombe vyake vitano vya Fairfax. Mjini Strasbourg, uliokuwa umeharibiwa kwa mizinga, hakuridhika na kugawa nguo za msaada. Alianzisha chumba cha ushonaji ambako wanawake wa mji huo walilipwa kushona nguo zilizohitajiwa na wenzao.

Aliporudi nyumbani mwaka 1873 alikuwa hoi, na miaka kadhaa ikapita kabla hajapata nguvu. Kuanzia 1877 aliishawishi Serikali ya nchi yake ijiunge na mkataba ule. Alijibiwa kwamba Marekani haitarajii tena kupigana vita kama vilivyopita. Ndipo alipoijenga hoja ambayo ndiyo mchango wake mkubwa kwa dunia: kwamba Msalaba Mwekundu usisubiri vita, bali uwe tayari pia kwa mafuriko, moto, njaa, tetemeko la ardhi na magonjwa ya mlipuko. Mei 21, 1881 chama hicho kilianzishwa Washington, naye akawa rais wake akiwa na umri wa miaka 59. Septemba mwaka huo moto mkubwa uliteketeza misitu na vijiji vya Michigan, na matawi machanga ya chama yakapata kazi yao ya kwanza. Machi 1882 Marekani iliridhia Mkataba wa Geneva. Mwaka 1884, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva, pendekezo la kuhudumia maafa wakati wa amani lilikubaliwa, na likajulikana kwa jina la nchi yake.

Wauguzi walioruka kutoka kwenye treni

Mwaka 1888 homa ya manjano ililipuka katika jimbo la Florida. Wakati huo sayansi ilikuwa haijathibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, lakini ilijulikana kwamba aliyewahi kuugua na kupona haugui tena. Kwa hiyo chama kilitafuta wauguzi katika mji wa New Orleans, ambako wengi walikuwa wamekwisha kupona ugonjwa huo katika milipuko ya nyuma. Miongoni mwao walikuwamo wanawake weusi wenye uzoefu mkubwa wa kuwauguza wagonjwa hao.

Kundi moja lilipelekwa katika mji mdogo wa Macclenny, uliokuwa umetengwa kwa karantini kiasi kwamba treni hazikuruhusiwa kusimama hapo. Treni ilipunguza mwendo usiku, mvua ikinyesha, wauguzi wakaruka na kuingia mjini kwa miguu. Walikuta familia nzima zimelala bila mtu wa kuzipa maji, wakawahudumia mpaka mlipuko ukapita.

Lakini katika mji wa Jacksonville sifa haikuwa njema kwa wote. Baadhi ya waliotumwa walilalamikiwa kwa ulevi na mwenendo usiofaa, na lawama zikaangukia chama kizima. Matukio hayo mawili ya jimbo moja na mwaka mmoja yanatoa fundisho lililo wazi. Kinga ya mwili ilikuwa maandalizi muhimu, kama ilivyo chanjo kwa muuguzi wa leo, lakini haikutosha. Anayetumwa kwenye maafa lazima achaguliwe kwa makini, ajulikane tabia yake, na awe chini ya msimamizi anayewajibika.

Johnstown na visiwa vya South Carolina

Mei 31, 1889, baada ya mvua kubwa, bwawa la South Fork lililokuwa juu ya mji wa Johnstown, jimbo la Pennsylvania, lilipasuka. Watu 2,209 walifariki. Barton, akiwa na umri wa miaka 67, aliwasili siku tano baadaye na timu ya madaktari na wauguzi 50. Jenerali aliyesimamia eneo hilo mwanzoni hakujua ampangie kazi gani mama huyo mfupi wa kimo. Barton aliweka hema, akatumia sanduku kuwa meza, na kuanza kazi.

Alibaki hapo miezi mitano. Kwanza ilikuwa tiba ya majeraha na magonjwa, kisha chakula na mavazi, kisha makazi: majengo makubwa ya mbao yalijengwa kwa ajili ya familia zisizo na nyumba, yakiwa na vyumba vya kulala, jiko na maji. Timu yake ilizunguka nyumba kwa nyumba kuandika mahitaji ya kila kaya ili msaada usiende kwa wenye sauti kubwa pekee. Hapo ndipo Marekani ilipoona kwamba huduma ya maafa haiishi siku majeruhi wa mwisho anapofungwa bendeji.

Agosti 1893 kimbunga na mawimbi ya bahari vilivipiga visiwa vya pwani ya South Carolina. Watu wapatao 30,000, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi waliokuwa watumwa au wazaliwa wa watumwa, walipoteza nyumba, mazao na mashua zao. Serikali haikutoa fedha. Kwa michango ya takriban dola 30,000, Barton na wenzake walikaa huko karibu miezi 10. Waligawa posho ndogo ya nafaka na nyama ya nguruwe, na wenye nguvu waliipokea kwa kufanya kazi: kuchimba mitaro ya kuondoa maji ya chumvi mashambani, kusafisha visima na kujenga nyumba. Wanawake walikusanyika kushona nguo. Mbegu ziligawiwa kwa wakati, na Msalaba Mwekundu ulipoondoka katikati ya mwaka 1894, mashamba yalikuwa yameota. Barton hakutaka kuwafanya watu wale kuwa ombaomba wa kudumu. Aliwachukulia kuwa wakulima waliopatwa na msiba.

Uzee wa kazi na mwisho wa uongozi

Mwaka 1896, akiwa na miaka 74, alikwenda Constantinople kuongoza misafara ya msaada kwa Waarmenia katika Dola ya Ottoman, ambako madaktari aliowatuma walipambana na homa ya matumbo, ndui na magonjwa mengine. Mwaka 1898 alikuwa Cuba wakati wa vita kati ya Marekani na Hispania. Huko Siboney wauguzi wa Msalaba Mwekundu waliwahudumia Wacuba na Wamarekani katika mazingira ambayo maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi. Septemba 1900, kimbunga kilipoupiga mji wa Galveston, Texas, na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 8,000, Barton mwenye miaka 78 alikwenda, ingawa afya yake ilitetereka. Miongoni mwa misaada iliyotolewa ilikuwa miche milioni 1.5 ya stroberi kwa wakulima waliopoteza mashamba.

Hiyo ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho. Chama kilikuwa kimekua, lakini bado aliendelea kukiendesha kama alivyoliendesha gari lake la nyumbu: kwa maamuzi ya papo kwa papo, kwa watu wachache aliowaamini, na kwa hesabu zilizochanganya fedha zake binafsi na za michango. Mara nyingi alitoa mali yake mwenyewe kuwasaidia wengine, lakini wachangiaji walitaka kuona vitabu vya hesabu. Mgogoro ulikuwa mkubwa, uchunguzi ukaundwa na kuvunjwa bila kumtia hatiani, na Mei 1904 alijiuzulu. Mwaka uliofuata sheria mpya iliweka hesabu za chama chini ya ukaguzi wa Serikali. Aliumia moyoni. Hata hivyo, fundisho linabaki kuwa la kweli: fedha ya maafa ni amana, na nia njema ya mtoaji huduma haichukui nafasi ya risiti.

Akiwa na umri wa miaka 83, mwaka 1905 alianzisha chama cha kitaifa cha kufundisha huduma ya kwanza kwa wananchi wa kawaida, wafanyakazi wa viwandani na vikosi vya zimamoto, pamoja na kusambaza visanduku vya huduma ya kwanza. Alikwisha kutambua kwamba katika kila janga msaada wa kwanza hautoki mbali. Hutoka kwa jirani aliyesimama karibu.

Clara Barton alifariki Aprili 12, 1912 nyumbani kwake Glen Echo, Maryland, akiwa na miaka 90. Nyumba hiyo ilijengwa kwa mbao zilizorudishwa kutoka Johnstown, na kwa miaka mingi ilikuwa makazi, ofisi na ghala la vifaa vya dharura kwa pamoja. Alizikwa North Oxford, karibu na wazazi wake.

Urithi kwa muuguzi wa leo

Mwaka huohuo aliofariki, mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu uliofanyika Washington ulianzisha Nishani ya Florence Nightingale, inayotolewa hadi leo kwa wauguzi waliohudumu kwa ujasiri katika vita na maafa. Nchini kwetu, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi ya kijiji na mtaa, ili kila mwenye kujitolea ajue anaripoti kwa nani.

Muuguzi wa Tanzania anayetamani kujitolea ana nafasi ambayo Barton hakuwa nayo: mafunzo ya taaluma, leseni, chanjo na mfumo wa kisheria. Yanayobaki ni maandalizi yake mwenyewe. Ajiandikishe kabla ya janga, si siku ya janga. Ahakikishe chanjo zake ni kamili na familia yake inajua alipo. Awe na begi lililo tayari, lenye tochi, maji, chakula cha siku za mwanzo, glavu, daftari na kalamu. Aripoti kwa kamati ya maafa ya eneo husika kabla ya kuanza kumgusa mgonjwa wa kwanza. Akubali kupumzika kwa zamu, na akirudi nyumbani akiwa hapati usingizi kwa yale aliyoyaona, atafute ushauri wa kitaalamu bila aibu, kwa maana hata mwanamke aliyehudumu Antietam alianguka kwa uchovu zaidi ya mara moja, akahitaji muda wa kupona, na baada ya kupona akarudi kazini.